Zamu ya saa 8 au saa 12: ipi inawabakiza wauguzi kazini?

Kwa nauli na siku za mapumziko, saa 12 zinashinda: zamu tatu kwa wiki zinatimiza saa 36. Kwa saa 8, siku tano hazikwepeki. Wanaoishi mbali hupenda zamu ndefu, na hawakosei.

Makabidhiano nayo hupungua kutoka matatu hadi mawili kwa siku, na kila moja ni mwanya wa dozi kusahaulika. Ila saa za mwisho ndipo macho mazito husoma miligramu kama mililita. Tena saa 12 ni za kwenye karatasi tu. Kumalizia mafaili na kumsubiri aliyechelewa huzifikisha 13.

Mtu akiugua, pengo la saa 8 hugawanywa: wawili wa zamu ya kabla na ya baada, saa nne kila mmoja. La saa 12 humwita aliye mapumzikoni. Akiitwa kila wiki, ataacha kazi.

Wodi yenye watu wa akiba inamudu saa 12, zisizidi zamu tatu mfululizo. Penye upungufu, saa 8 ni salama zaidi, lakini usipange jioni kisha asubuhi: kutoka saa 4 usiku na kurudi saa 1 asubuhi ni saa 9 tu, safari ikiwamo.