Huduma ya Chakula kwa Bar Mitzva Arusha: Tathmini ya Mjumbe wa Kamati

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya bar mitzva ya mtoto wa jirani yetu, yaani siku ambayo mvulana wa Kiyahudi, akiwa ametimiza miaka 13, huitwa mbele ya waumini katika sinagogi kusoma Torati, nami nilikabidhiwa kazi ya kutafuta mpishi hapa Arusha. Kampuni tuliyoichagua, iliyoko Njiro, inastahili sifa kwa usikivu wake: ilikubali bila ubishi kwamba ndafu isingekuwapo, kwa kuwa mnyama lazima achinjwe na mchinjaji aliyefunzwa sheria za Kiyahudi, na badala yake ikatuandalia sato wa kukaanga, ndizi na maharagwe. Kasoro ilijitokeza kwenye orodha ya kwanza, ambamo kambale aliwekwa kana kwamba samaki wote ni sawa, ilhali sheria hiyo huruhusu wenye mapezi na magamba tu, na kambale hana magamba.

Suala la muda ndilo lililotutoa jasho. Kwa kuwa Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na kupika hakuruhusiwi hadi nyota zionekane Jumamosi jioni, tuliihamishia karamu Jumapili. Hata hivyo, gari la vyombo lilifika Jumamosi asubuhi, katikati ya ibada, likipiga honi getini. Vyombo vyenyewe, nashukuru, vilikuwa vipya kama tulivyoomba. Bei ilikuwa ya wastani, na mshereheshaji waliyemleta (hatukumwomba) aliongea kupita kiasi. Ningewaajiri tena, ila ratiba ningeiandika mwenyewe.