Programu ya kupangia safari ndefu ya ndege ndogo: nimeitumia miezi 8, haya ndiyo niliyoyaona

Kiukweli niliichukua kwa uvivu. Kupanga safari ndefu kwa karatasi, rula na kikokotoo kulikuwa kunanila jioni nzima, halafu asubuhi utabiri wa upepo umebadilika, unaanza upya. Hii unaweka unakotoka na unakokwenda, unachagua ndege yako, kufumba na kufumbua una mstari kwenye ramani, una dakika, una lita. Naitumia kwenye Cessna 172S na naipa nyota 3 na nusu kati ya 5. Zingekuwa 5 isingekuwa kwa sababu ya mafuta, ntaeleza.

Kinachonifurahisha zaidi ni upepo. Safari yenyewe ilikuwa ya kuelekea magharibi, maili za baharini 310, na ukiruka kwa kuona kwa macho upande huo unachagua futi 4,500, 6,500, 8,500 na kuendelea hivyo. Mimi ni mtu wa 8,500, huko juu kuna baridi na ndege haitikisiki sana, lakini programu ikanionyesha huko upepo wa mbele, ule mabaharia wanauita wa omo, ni maili 30 kwa saa, nikishuka 4,500 ni 20. Kwa kindege kinachokwenda 115 hiyo tofauti ya 10 ni dakika kama 23 njiani, na unaiona papo hapo kwa kuvuta kidole tu, huku chini inakuchorea vilima ujue kama hicho kimo kinakutosha kuvivuka. Kwa karatasi nisingejisumbua kulinganisha, nasema ukweli.

Uzito nao inaupiga vizuri. Watu wakiona viti 4 wanadhani ni watu 4 na matenki yamejaa, wapi. Tenki zikijaa ni lita 200 hivi za kutumia, na mafuta haya lita moja ina uzito wa gramu 720, kwa hiyo kilo 144 zimeshakwenda kabla hujapakia hata begi. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na shemeji, pamoja na mizigo, ikabidi niweke lita 130 tu ili tusizidi uzito. Programu ikapiga hesabu: saa 3 na dakika 16 angani, ukifika utabaki na mafuta ya saa 1 na dakika 22. Kijani kila mahali. Nani angekataa?

Basi shemeji ndiye aliyetuokoa, maana alikunywa chai nyingi. Tukiwa katikati ya njia akaanza kujinyonganyonga nyuma, nikaona isiwe taabu, kuna uwanja hapo chini, tukatua. Yeye akakimbilia chooni, mimi nikapanda kwenye bawa na kijiti cha kupimia mafuta, mazoea tu. Programu inasema nimebakiwa na lita 84. Kijiti kinasema kama 69. Nikakifuta, nikapima tena tenki zote mbili, 69 ile ile.

Nilivyochimba ndio nikagundua, ule wasifu wa ndege unaokuja tayari ndani ya programu umewekwa lita 28 kwa saa. Yangu kwa namna ninavyoisukuma inakunywa 34, na wasifu haukuhesabu kabisa lita kama 5 zinazoliwa ndege ikitembea ardhini kabla ya kuruka na ikipanda. Fanya hesabu na 34: tungefika na mafuta ya dakika 24 hivi, wakati akiba ya mchana inatakiwa isipungue dakika 30, na hapo hujazungushwa hewani kusubiri zamu ya kutua wala upepo haujaongezeka. Kosa ni langu pia, sikatai, kitabu cha ndege kina jedwali lake na nilitakiwa kuliangalia. Lakini jamani, namba inayobeba roho za watu usiiweke kimya kimya kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio! Iulize kwanza: ndege yako inakunywa kiasi gani? Nikajaza mafuta palepale, tukaendelea.

Vitu vingine vidogo. Tableti ikikaa juani kwenye dashibodi inapata joto na kioo kinazima chenyewe, hilo sio kosa la programu ila ujue, mimi sasa naifunga pajani na karatasi ya vituo naishika pembeni, nikipita kituo naandika saa kwa penseli. Matangazo ya viwanja inayaleta yote bila kuyapanga, taa ya mnara fulani imeungua iko juu, barabara ya kurukia imefungwa iko chini kabisa, lazima usome mpaka mwisho.

Kwa sasa nimeweka 36 badala ya 34, natenga lita 5 za kuondokea, na kila nikitua napima kwa kijiti halafu nalinganisha. Safari 4 zilizofuata haijakosea zaidi ya lita 3. Nimewaandikia wenye programu kuhusu ule wasifu, wakajibu wamepokea maoni yangu. Juzi imejisasisha, nikafungua ndege mpya ya majaribio nione, bado imeandikwa 28.