Nyumba za UR nchini Japani: hazidai mdhamini, ila taa njoo nayo

Ukitafuta nyumba Japani kupitia dalali, utakutana na neno reikin kabla hujaonyeshwa mlango. Hiyo ni pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba, kodi ya mwezi mmoja au miwili, na ikitoka hairudi. Chukua nyumba ya yeni 60,000 kwa mwezi: reikin 60,000, amana 60,000, ada ya dalali pamoja na kodi ya serikali 66,000, kampuni ya dhamana 30,000 kama una bahati, na kodi ya mwezi wa kwanza 60,000. Jumla yeni 276,000, na hapo hujalipia kubadilisha kitasa wala bima ya moto. Na wapo wenye nyumba ambao, wakisikia tu kwamba mpangaji ni mgeni, wanakataa.

Ndiyo maana kwa mgeni mwenye ajira, nyumba za UR ndizo za kuangalia kwanza. UR, kifupi cha Urban Renaissance Agency, ni shirika la umma la Japani. Mizizi yake ni ya mwaka 1955, jina na sura ya sasa ni ya 2004, na lina nyumba za kupangisha kama 700,000, nyingi zikiwa maeneo ya Tokyo, Nagoya, Osaka na Fukuoka. Halitozi reikin wala ada ya dalali. Halitaki mdhamini wala kampuni ya dhamana, na halidai ada ya kuongeza mkataba, ambayo kwingine hulipwa kila baada ya miaka miwili. Unatoa amana ya miezi miwili, pamoja na kodi na ada ya huduma za pamoja kwa siku zilizobaki za mwezi. Nyumba ileile ya 60,000, ukiingia katikati ya mwezi na ada ya huduma ikiwa 3,000, utalipa yeni 151,500. Kati ya hizo, 120,000 ni amana yako, utarudishiwa siku ya kuondoka ikitolewa gharama ya ulichoharibu.

Mlango mwembamba uko kwenye kipato. Anayeishi peke yake, kwa nyumba ya chini ya yeni 62,500, anatakiwa mshahara wa mwezi, kabla ya makato, uwe mara nne ya kodi. Kwa nyumba ya 60,000 ni 240,000. Kuanzia 62,500 hadi chini ya 200,000, kiwango kinasimama kwenye 250,000. Familia ina hesabu yake: mara nne ya kodi hadi 82,500, kisha 330,000. Asiyefikia anaweza kuonyesha akiba ya mara mia ya kodi, yaani yeni 6,000,000 kwa mfano wetu, au kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, 720,000, na suala la mshahara likaachwa. Njia hii ya mwisho wengi hawaijui. Mtu aliyezoea kulipia nyumba miezi sita Dar es Salaam hataishangaa. Ni miezi sita zaidi, na hapa amana bado iko palepale.

Usitegemee kuikamilisha ukiwa bado Nairobi au Mwanza. UR inataka mkazi halali mwenye kadi ya ukaazi, zairyu card, ambayo hutolewa unapotua viwanja vikubwa kama Narita, Haneda, Kansai au Chubu. Inataka pia cheti cha ukaazi, jūminhyō, na cheti hicho hukipati bila kwanza kusajili anwani katika ofisi ya mji au kata. Kwa hiyo panga mwezi wa kwanza mahali pa muda panapokubali usajili wa anwani. Uliza swali hilo kabla ya kulipa, maana hoteli haifai. Ukishahamia hapo, jisajili ndani ya siku 14, chukua jūminhyō, mwombe mwajiri barua ya mshahara unaotarajiwa, fungua akaunti ya benki, halafu nenda UR. Mkataba ni wa Kijapani na maelezo yake ni marefu. Nenda na mtu anayekielewa vizuri.

Nyumba zinatolewa kwa anayewahi. Ukiipenda unaweka maombi ya awali na inashikiliwa kama wiki moja, muda wa kwenda kuikagua na kukusanya karatasi. Ukaguzi ndio uzuri wa UR: mara nyingi unakabidhiwa ufunguo ukaangalie mwenyewe bila mtu kukuharakisha. Nenda na futi kamba. Pima madirisha, kwa sababu majengo ya zamani yana vimo ambavyo mapazia ya dukani hayafiki, na pima nafasi ya mashine ya kufulia. Tazama pia ukutani kama kuna tundu la bomba la AC. Chumba kisicho nalo ni tatizo kila Agosti.

Halafu kuna giza. Vyumba vingi hupangishwa bila taa, bila jiko, bila AC na bila pazia. Ukitazama dari utaona kitako kidogo cheupe chenye mianya miwili iliyopinda. Taa ya Kijapani ina meno mawili ya kuingia humo: unasukuma juu, unazungusha kulia, inalia "ka", imekaa. Fundi hahitajiki, ila kama hukununua taa mchana, usiku wa kwanza utautumia kwa tochi ya simu.

Gesi ndiyo inayokwamisha wengi. Maji na umeme unaweza kuviomba kwa simu au mtandaoni, lakini gesi haifunguliwi mpaka fundi wa kampuni aje na wewe uwepo. Weka miadi siku kadhaa mapema, la sivyo utaoga maji baridi. Jiko nalo lisome kibandiko kabla ya kununua, hasa la mtumba: 12A/13A ni la gesi ya mji, LP ni la mitungi. Jiko la gesi ya mji likiunganishwa kwenye LP hutoa mwali mkubwa wa hatari. Birika na pasi za nyumbani ziache. Umeme wa Japani ni volti 100, na kifaa cha volti 240 kitapasha kwa shida au kisipashe kabisa.

Majengo ya ghorofa tano ya miaka ya 1960 na 1970 mengi hayana lifti. Kodi ya ghorofa ya tano ni nafuu kwa sababu hiyo. Friji ikipandishwa utaelewa. Mwanafunzi asiye na akiba, au anayekaa miezi sita tu, nyumba ya kushirikiana yenye samani itamfaa zaidi.

Siku ya kuingia jaza karatasi ya ukaguzi, piga picha kila mkwaruzo, na bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Lisipokuwepo, barua, hata kadi ya benki, zinaweza kurudishwa zilikotoka. Kuondoka ni rahisi: taarifa ya siku 14, wakati mikataba mingi ya watu binafsi hudai mwezi mzima.