Ndugu Wawili, Viwango Tofauti: Ununue Mtaala Gani wa Kusomesha Nyumbani?

Tuseme kifungua mimba wako ana miaka 10. Hadithi yoyote ukimpa anaimaliza kabla ya chakula cha jioni, lakini kugawanya bado kunamtoa jasho. Mdogo wake ana miaka 8, kusoma kwake ni kwa kusuasua, na kwenye hesabu ameshamfikia kaka yake. Ukifika duka la vitabu Nairobi utaulizwa, "Gredi ya ngapi?" Pesa nyingi hupotea kwenye jibu la swali hilo, kwa kuwa kila mmoja wa hawa ana gredi mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Mitaala ya Kimarekani ya Saxon na Math-U-See (hesabu) na All About Reading (kusoma) yote imewekewa majaribio ya kupima kiwango mtandaoni bila malipo. Tumia jaribio la mchapishaji yuleyule unayetaka kununua kwake, maana namba za majalada hazilingani. Saxon 5/4 imekusudiwa mtoto wa gredi ya 5 wa kawaida, au wa gredi ya 4 aliye mbele. Ukiichukua kwa kutazama tarakimu moja tu, unaweza kukosea. Kwa kusoma, mpe mtoto ukurasa mmoja na akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikikunjwa ukurasa haujaisha, rudisha kitabu rafuni. Na kama pengo kati ya umri wa mtoto na kiwango chake linazidi miaka miwili, usianze na duka. Mpeleke kwanza kwenye kituo cha EARC (cha serikali cha kupima mahitaji ya mtoto kielimu) cha eneo lako, au KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, apimwe.

Chaguo langu la kwanza ni kununua kwa somo. Hesabu na kusoma, kila mtoto apate cha kiwango chake. Sayansi, historia, dini na sanaa wasome pamoja kutoka kitabu kimoja, mkubwa aandike ukurasa mzima, mdogo achore na kueleza kwa mdomo. Hapo unanunua seti moja badala ya mbili kwa zaidi ya nusu ya masomo. Kwa hesabu napendelea Math-U-See katika hali hii. Vitabu vyake havina gredi, vina majina ya herufi za Kigiriki: Gamma ni kuzidisha, Delta ni kugawanya, Epsilon ni sehemu. Kaka anaweza kushika Delta na mdogo wake akawa na Delta vilevile, na hakuna namba jaladani ya kumwambia kaka kwamba amebaki nyuma. Wazazi hudharau jambo hili hadi siku mtoto anapoficha kitabu wageni wakija. Tena kila kitabu kinashughulikia mada moja mpaka ieleweke, kwa hiyo mtoto mwenye pengo anaingia palepale penye pengo. Saxon huchanganya mada na kuzirudia kidogo kidogo. Ni nzuri, ila ukiingia katikati unajikuta umekosa vipande vingi. Kitabu cha mwalimu cha Math-U-See hutumika tena kwa mtoto anayefuata, unaagiza kile cha mwanafunzi tu. Ubaya wake ni usafirishaji kutoka Marekani, na muda wako: somo hili halijifundishi.

La pili ni vitabu vya mtaala wa Kenya vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, lakini ukivichanganya. Hakuna anayekukataza kumnunulia mtoto mmoja Hisabati ya Gredi ya 3 na Kiingereza cha Gredi ya 5. Ni rahisi kupatikana, hata kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, na mtoto akiandika kwenye daftari, kitabu kinamfikia mdogo wake kikiwa kizima. Kasoro ni kwamba shughuli nyingi zimetungwa kwa darasa lenye makundi, hivyo utazirekebisha mwenyewe. Ukitaka mtoto aingie Gredi ya 10 kupitia njia ya serikali, panga mapema: KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ni asilimia 60 tu ya alama za kumpangia shule, nyingine zinatoka KPSEA ya Gredi ya 6 na tathmini za shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, basi pata ushauri wa kisheria kabla ya kumwondoa.

La tatu ni ACE (Accelerated Christian Education), mtaala wa Kikristo kutoka Marekani unaotumiwa na familia nyingi za Kikristo nchini. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, vinavyoitwa PACE, na mtoto hapiti kabla ya kupata asilimia 80. Jaribio lake la kuanzia huonyesha vijitabu gani hasa vinahitajika, nawe unanunua hivyo tu. Kwa tofauti za ndugu, mpango huu ni mzuri sana. Nimeuweka wa tatu kwa sababu mtoto hujisomea mwenyewe, na yule wa miaka 8 asiyesoma vizuri atakwama hata kwenye hesabu anazoziweza. Pia vijitabu huandikwa ndani, kwa hiyo havirithiwi. Familia ya Kiislamu itakuta mafundisho ya Kikristo hata kwenye sayansi.

La mwisho ni boksi la mwaka mzima, masomo yote ya gredi moja, moja kwa kila mtoto kulingana na umri. Linavutia kwa kuwa halikufikirishi. Kwa ndugu kama hawa, nusu ya boksi itakuwa nyepesi na nusu nzito, na wauzaji wengi hawakubali kurudishiwa kitabu kilichofunguliwa. Mwenye watoto wanaokwenda sambamba na umri wao anaweza kulichukua.

Cambridge, mtaala wa kimataifa wa Uingereza, sijaipanga, kwa kuwa faida yake kubwa kwa ndugu hawa huonekana baadaye: masomo ya IGCSE, mtihani wake wa sekondari, yanaweza kufanywa moja moja katika misimu tofauti, na anayejisomea hujiandikisha kupitia kituo cha mitihani. Kabla ya hapo, chochote utakachochagua, nunua cha muhula mmoja, kisha mpime tena.