Spirited Away, DVD ya Kijapani: ziada tamu, picha nyekundu ndu, na muuzaji ndiyo kabisa

Nimeshapoa kidogo, lakini kidogo tu. Kama kuna mtu anataka kununua ile DVD ya Kijapani ya Spirited Away, filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki, ile DVD ya diski mbili iliyotoka 2002, asome hapa kwanza kabla hajamtumia mtu hela.

Hadithi yake sielezi, na tuzo zake kila mtu anazijua. Miyazaki mwenyewe sina ugomvi naye, namheshimu kama mzee wa ukoo. Ugomvi wangu ni rangi. Picha ni nyekundu. Sisemi ina joto-joto kama jua la jioni, nasema nyekundu, mwanzo mpaka mwisho, kama kuna mtu kaweka karatasi ya pipi mbele ya kioo.

Mtu atasema nakuza mambo. Haya, nenda pale yule kijana Haku anapompa msichana Chihiro matonge ya wali katikati ya maua. Mtoto anauma tonge la kwanza, anatafuna, halafu machozi yanaanza kumtoka, makubwa, yanadondoka yenyewe. Mimi pale huwa nalia, sifichi. Safari hii sikulia, nilikuwa natazama wali. Wali wa Kijapani, mweupe pee, uko kama umelowekwa kwenye maji ya ubuyu. Nikasogea mpaka karibu na TV. Kola ya Haku, nayo hivyohivyo. Kinyago cha Kaonashi, lile zimwi lisilo na sura, hivyohivyo. Haku akigeuka joka, lile joka jeupe ambalo ndilo roho ya filamu nzima, linapita angani lina rangi ya ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga maji ya moto.

Ajabu ni kwamba kwenye sehemu za usiku huoni kasoro. Ndani ya lile bafu la mchawi Yubaba taa ni za rangi ya chungwa, daraja jekundu, mazulia mekundu, dhahabu kila kona, kwa hiyo ubaya umejificha humo na nasema kweli kuna mahali unapendeza. Kinachoua ni mchana. Ile safari ya treni juu ya maji, ambapo anga na bahari vinatakiwa viwe kitu kimoja kitulivu, hapa anga imechafuka. Sehemu tulivu kuliko zote kwenye filamu, na macho yangu yanauma.

Kwanza nilishika deki. Nikachomoa waya, nikapuliza, nikarudisha. Nikamwita fundi, maana nilijua tu kuna waya umelegea. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Aliomba DVD nyingine yoyote, nikampa ya harusi ya jirani. Shela la bibi harusi likatoka jeupe, meno ya wageni meupe, hata ile keki. Akanitazama, akasema, "Mama, hapa hakuna ugonjwa. Mgonjwa ni huyo Mjapani wako." Akachukua nauli yake akaondoka.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha presha. Ndani ya ziada, yaani vile vipande vya nyongeza, wameweka trela ya filamu hiyohiyo, na trela rangi zake ziko sawa! Anga ni bluu. Nyeupe ni nyeupe. Yaani kasha moja, filamu moja, na ushahidi wa kuwafunga wameutia humohumo wenyewe. Nilikuwa naangalia kipande kwenye trela, narudi kwenye filamu natafuta kipande kilekile, narudi tena kwenye trela, mpaka mdogo wangu akaniuliza kama niko sawa.

Nikamtafuta muuzaji. Jina lake sitalitaja, ni mmoja wa hawa wanaouza mtumba wa Japani kwa WhatsApp: redio, saa, vyombo, na siku mojamoja diski. Nikamweleza kwa adabu kabisa, nikamtumia picha mbili nilizopiga kwa simu, ya trela na ya filamu, ili aone mwenyewe. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Dada angu, hiyo si katuni tu? Kwani watoto wamelalamika?"

Nikamwambia sina watoto, naangalia mwenyewe.

"Aa, ndiyo maana. Muda unao."

Muda ninao! Na kacheka mwishoni, kicheko kile cha puani, nimekisikiliza tena na tena nihakikishe. Halafu akaongeza eti tatizo ni TV yangu imechoka, anazo za mtumba, nikija atanipunguzia bei. Mtu kakuuzia embe bovu anakushauri ubadilishe meno.

Kwa haki, na hapa najikaza, wekundu ule hakuutia yeye. Jambo lenyewe Japani linajulikana tangu mwaka uleule wa 2002. Watu walionunua walipiga kelele, wenye diski, yaani waliozitoa, wakajibu kuwa hakuna kasoro, wateja wengine wakafika mahakamani. Toleo la Marekani la 2003 halina wekundu huo. Kwa hiyo ukisema wewe ndiye mwenye macho mabovu, jua kuna nchi nzima ina macho mabovu kama yako. Lakini basi, kama unauza vitu vya Kijapani na unajisifu kwa picha ya bendera yao kwenye wasifu wako, ungejua. Na kama hukujua, mteja akikwambia, unasema pole. Pole ni bei gani?

Kinachoniuma zaidi ni mama mmoja anaitwa Michiyo Yasuda. Marehemu sasa, alifariki 2016. Huyu ndiye aliyekuwa akisimamia rangi za filamu za Ghibli, studio ya Miyazaki, kwa miaka na miaka, na hii ikiwemo. Kazi yake ilikuwa kuamua nguo ya Chihiro iwe rangi gani kwenye jua na iwe rangi gani kwenye kivuli, majani ya asubuhi yaweje na ya jioni yaweje. Mtu kakaa akachagua kijani kimoja akakataa vingine kibao, halafu chumba cha mwisho kabisa, kabla diski haijachapwa, kazi yote inamwagiwa rangi moja juu. Hilo siwezi kulipita kimya hata kama ningekuwa na watoto kumi wa kunimalizia muda.

Niliwahi kujaribu kuirekebisha kwa rimoti. Nilisoma kuwa TV za Japani enzi zile zilikuwa zinapangwa kuelekea ubluu kuliko zetu, nikasema huenda wao kule wanaona nafuu. Nikashusha nyekundu, nikashusha, nikapandisha bluu. Mchana ukatulia, wali ukakaribia kuwa wali. Lakini nyuso zikapauka, na lile daraja likawa kahawia. Halafu nikasahau kurudisha. Jioni mdogo wangu anawasha taarifa ya habari, mtangazaji anatoka rangi ya kijani kama mtu anayetaka kutapika, na baba anauliza huyu binti anaumwa nini.

Tanga kwa shangazi kuna TV ya chogo, ile nzito ya kubebwa na watu wawili. Nilikwenda na DVD yangu likizo. Na pale, kusema ukweli, haikuwa mbaya. Wekundu upo, lakini kioo kile kinaulainisha, na shangazi alitazama mpaka mwisho akasema michoro mizuri. Nilikaa pale nikaanza kujiuliza kama wenye diski walikuwa na hoja, kwamba waliipima kwa TV za wakati ule. Nikakaribia kuwasamehe. Nilivyorudi Dar nikaiweka kwenye TV bapa, msamaha ukaisha palepale kwenye matonge.

Baadaye shemeji yangu, anayefuata magari ya mtumba huko, akaniletea Blu-ray ya Kijapani ya 2014. Hii ni habari nyingine kabisa. Wekundu umeondoka. Joka jeupe, bahari bahari, na mistari ya penseli kwenye nywele za Chihiro unaiona mmoja mmoja. Wala hawakuisugua picha mpaka ikawa plastiki, kama wanavyofanya wengine na filamu za zamani, wanafuta chenga zote na ngozi za watu zinafutika nazo.

Na ziada! Unaweza kuiangalia filamu huku michoro ya ekonte ikitembea nayo kwenye dirisha dogo. Hii ni michoro ya Miyazaki mwenyewe, ya penseli, alivyoipanga filamu kipande kwa kipande kabla haijachorwa, na sekunde za kila kipande zimeandikwa pembeni. Nilitazama tena pale kwenye matonge. Machozi yale makubwa yapo tayari kwenye penseli, mazito vilevile. Ziada nyingi ninazozijua ni watu wamekaa kwenye viti wakisifiana. Hii unakaa umenyamaza unajifunza kazi.

Ila msikimbilie. Deki yangu ya Blu-ray ya Kariakoo iliitema. Diski za Blu-ray zimegawiwa dunia: Japani wako ukanda A pamoja na Marekani, Afrika tumewekwa B pamoja na Ulaya. Deki za DVD za mtaani zinakula chochote, lakini za Blu-ray zina kiburi. Nimeitazama kwa shemeji, kwenye deki aliyoileta kutoka hukohuko, na kila nikitaka kuitazama lazima nibebe zawadi ya dada.

Kwa hiyo DVD ya 2002 naipa nini? Picha, sifuri. Hapana, sifuri ni hasira. Usiku wa bafuni peke yake una alama zake, na kwenye TV ya chogo ziongezwe. Ziada nazipa nyingi, zikiwemo za trela kwa kusema ukweli ambao diski mwenzake imeuficha. Usiinunue kama ndiyo nakala yako ya kwanza. Kama unakusanya, au una shangazi Tanga, inunue, ila usilipe bei niliyolipa.

Muuzaji simpi hata moja. Juzi kanitumia picha ya kasha la Princess Mononoke, filamu nyingine ya Miyazaki, bila salamu, bila pole, kaandika tu "Dada mwenye muda, hii je?" Nimekaa na simu mkononi nina maneno ya kumwambia mpaka wajukuu zake wayasikie.

Nimemuuliza bei.