Uzoefu wangu: fundi umeme aliyekuja na chaki kabla ya nyundo

Nimejenga Goba, Dar es Salaam, vyumba vitatu, sebule, jiko na stoo, kwa kudunduliza miaka minne. Huu ni mwezi wa tatu tangu tuhamie. Ndugu na wafanyakazi wenzangu wananiuliza sana habari za fundi umeme, kwa hiyo naandika yote kwa pamoja, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi, kwa ajili ya yeyote aliyeshapaua na anajiandaa kumwita mpiga lipu. Usimwite kwanza. Soma hii.

Fundi wa kwanza sikufika naye mbali. Alitembea ndani ya nyumba kama dakika kumi, akaniambia, "Dada, hapa weka pointi sitini, nipe nusu nianze kazi." Pointi ni kila mahali panapokaa taa, swichi au soketi. Nikamuuliza soketi zitakaa wapi. Akajibu kila chumba soketi mbili, swichi moja, taa moja, watu wote wanafanya hivyo. Akaanzia chumba cha watoto. Jioni nilipopita nikakuta boksi la soketi limetinduliwa pale pale mlango unapofungukia, na la swichi liko upande wa bawaba, maana yake ukiingia gizani unazunguka mlango mzima ndipo uipate. Nikamlipa siku yake, tukaagana vizuri, nikalala na mawazo.

Wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Huyu ndiye ninayemzungumzia hapa. Kabla hatujataja bei alinionyesha leseni yake ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, bila mimi kuomba, nikasoma jina, daraja na tarehe ya mwisho. Kisha akaniomba vitu viwili: ramani ya nyumba, na Jumamosi moja nzima mimi na mume wangu tukiwepo wote. Kwa siku hiyo alitoza 50,000, mbali na hela ya kazi. Niliona ni nyingi kwa mtu anayekuja kuuliza maswali. Nilibadili mawazo kabla ya saa sita mchana.

Alikuja na chaki, tepu na daftari. Tukaanzia chumba chetu. Akapiga magoti, akachora kitanda sakafuni kwenye zege, futi tano kwa sita, akachora kabati, akachora mlango pamoja na nafasi unayoizoa ukifunguka. Akasimama katikati ya michoro yake akaniuliza, "Mama, wewe unalala upande gani?" Nikamwonyesha. "Na simu unachajia wapi?" Nikasema chini, pembeni ya kitanda. "Pasi unapigia wapi?" Nikasema sebuleni, mezani. Akanitazama. "Unapenda kupigia sebuleni, au ni kwa sababu huko mnakopanga soketi nzima iko sebuleni?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Miaka kumi na moja ya nyumba za kupanga nimepanga maisha kufuata soketi za mwenye nyumba: friji imekaa sebuleni, kirefusho kimepita chini ya zulia, mtoto anajirukia waya. Nyumba ya kwako ndiyo nafasi ya kugeuza hilo, na nafasi yenyewe inaishia siku lipu inapopigwa.

Basi tukaenda hivyo chumba kwa chumba. Soketi pacha kila upande wa kitanda. Swichi ya taa mlangoni na nyingine kichwani mwa kitanda, zile za tuwei, unawashia huku unazimia kule. Korido vivyo hivyo, mwanzo na mwisho. Chumba cha mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, soketi tukazipandisha hadi sentimita 60 kutoka sakafuni ili asiiname, na swichi tukazishusha hadi 110. Vyumba vingine soketi ziko 45. Jambo dogo, lakini mama alipoingia mara ya kwanza akachomeka redio yake akiwa amesimama, akageuka kunitazama.

Jikoni ndiko alikokaa muda mrefu zaidi, na ninamshukuru kwa hilo. Aliniambia nitaje kila kinachotumia umeme, hata kile ambacho sijanunua. Friji, jagi la umeme, blenda, maikrowevu, jiko la kupikia wali, na siku moja oveni. Akachora kaunta ukutani kwa urefu wa sentimita 90, akaweka alama za soketi juu yake, mbali na sinki. Friji ikapata soketi yake peke yake. Jiko zima likapewa njia yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 2.5 kwa mtindo wa ringi, yaani unazunguka soketi zote na kurudi ulikoanzia, na breka ya ampia 32, halafu waya mnene wa 6 ukaenda hadi mahali pa oveni, ukaishia kwenye boksi lenye kifuniko. Oveni hatuna bado. Waya upo.

Hita ya bafuni tulibishana kidogo. Mume wangu alitaka ile ya papo hapo ichomekwe tu, kama alivyoona kwa rafiki yake. Fundi akatoa daftari akapiga hesabu mbele yetu: hita ya wati 5,500 ukigawanya kwa volti 230 unapata ampia 24 hivi. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13. "Itayeyuka, baba. Haitashika moto siku ya kwanza, itayeyuka taratibu ndani ya ukuta na hamtaona." Hita ikapata waya wake wa 6, breka yake ya 32 na swichi kubwa nje ya mlango wa bafu, inayokata laivu na nyutro, waya wa kuleta umeme na wa kuurudisha, kwa pamoja. Hoja ikaisha hapo.

Kisha paipu tupu. Hili sikulitegemea kabisa. Aliomba tuzike paipu tano zisizo na kitu ndani, zenye kamba ya kuvutia tu: moja kutoka darini hadi stoo kwa ajili ya sola na inveta, moja kutoka ukuta wa nje hadi nyuma ya televisheni kwa ajili ya fiba, moja ya king'amuzi, na mbili za kamera kwenye kona za nyumba. Paipu ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye wayaringi. Kutindua ukuta uliokwisha pakwa rangi ndiko kunakouma. Tena kwenye meni swichi alitenga upande mmoja taa zote, friji na televisheni, ili siku tukipata inveta tuhamishe upande huo tu, bila kugusa hita na pasi. Kwa mtu wa Dar aliyekaa gizani na friji iliyojaa samaki, hiyo inaeleweka yenyewe.

Vifaa tulinunua wenyewe Kariakoo kwa orodha aliyoiandika, aina na idadi. Aliongozana nami. Dukani aliomba kipande cha waya, akakikwangua kwa kisu kidogo. Wa duka la kwanza nje ulikuwa mwekundu wa shaba, ndani ukawa mweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Tukatoka. Duka la pili akakwangua, shaba tupu hadi ndani, na alama ya TBS, shirika la viwango, imechapwa kwenye ganda pamoja na kipimo. Tangu siku hiyo nakwambia wazi, roli jepesi mkononi na la bei nzuri kupita kiasi liache pale pale.

Kazi ya ukutani ilienda vizuri. Mitaro yote alishusha wima kutoka juu, hakutindua ukuta kwa kukata ubavuni, kwa sababu mtaro mrefu wa kulala unadhoofisha tofali. Kabla ya lipu alinisimamisha na simu yangu tukapiga picha kila ukuta, tepu ikiwa imenyooshwa kutoka kona hadi kwenye paipu. Picha sitini na kitu. Nilizihifadhi nikasahau. Miezi mitano baadaye fundi wa makabati ya jiko ameshika drili tayari kutoboa, nikakumbuka, nikafungua simu: paipu ya soketi inapita sentimita 42 kutoka kona. Alama yake ya penseli ilikuwa 41. Akasogeza shimo.

Sasa yaliyoniudhi. La kwanza ni muda. Alisema wiki mbili, ikawa tano, kwa sababu alikuwa na saiti nyingine Mbezi na hakuniambia. Mpiga lipu wangu aliondoka kwenda kazi nyingine nikamsubiri upya. La pili ni nyufa. Mitaro ya sebule iliyojazwa haraka haraka kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, bila wavu, imetoa ufa mwembamba unaofuata njia ya paipu tangu dari hadi soketi. Amekubali kosa na amerudi kuziba, lakini rangi haifanani tena. La tatu, yeye na sisi wote tulisahau nje. Tulikuwa tumezama ndani mno, hatukuweka paipu ya taa ya geti wala ya pampu ya tangi la chini. Kwa hiyo ukipanga, toka nje pia na chaki yako, zunguka uzio wote.

Kwenye finishingi nako kuna mambo yanayoanza mapema kuliko unavyodhani. Aliniuliza unene wa tailizi za jikoni kabla hajajenga maboksi, nami nikamjibu kwa kukisia kwa kuwa sikuwa nimezichagua. Nikaja kununua nene. Ukijumlisha lipu, gundi na tailizi, maboksi matatu yalizama ndani na skrubu za kawaida hazikufika. Tulitafuta skrubu ndefu zenye unene wa milimita 3.5 siku nzima. Chagua tailizi mapema, hata kama utazinunua mwakani. Taa za darini pia: subiri mchoro wa jipsamu ukamilike kwenye karatasi ndipo nyaya zishushwe, la sivyo taa zinakaa pembeni ya duara badala ya katikati. Na feni haining'inizwi kwenye jipsamu. Kila mahali pa feni alipigilia ubao mnene kwenye kenchi kabla dari haijafungwa.

Siku ya kupima ndiyo iliyonifanya nimwamini moja kwa moja. Alileta mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme, akapima njia moja moja kabla umeme haujaingia. Alinieleza kwamba usomaji haupaswi kushuka chini ya megaohmi moja. Njia zote zilisoma juu sana, isipokuwa taa za vyumbani: 0.3. Angeweza kunyamaza, mimi nisingejua. Akapanda darini kwa saa mbili na tochi, akashuka na skrubu moja ya jipsamu mkononi. Fundi dari alikuwa ameipitisha kwenye paipu ikakwaruza ganda la waya. Akavuta waya mpya, akapima tena mbele yangu. Nimeiweka ile skrubu kwenye droo.

Erthi aliichimbia nje ya ukuta wa bafu ambako udongo unakaa na unyevu, fimbo ya shaba ya futi nne, na juu yake kijishimo chenye mfuniko ili iweze kukaguliwa. RCD yetu, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ni ya miliampia 30. Alinifundisha kubonyeza kitufe chake cha majaribio. Ikiruka ni nzima, isiporuka nimpigie siku hiyo hiyo. Watoto wameshajua nao.

Fomu ya TANESCO aliijaza na kugonga muhuri wake, maombi nikatuma kwa NIKONEKT, mfumo wao wa mtandaoni, nikiwa na namba ya NIDA. Nguzo ilikuwa karibu, ndani ya mita 30, nikalipia 320,960. Mita ya LUKU ikafungwa bila kurudishwa kurekebisha chochote.

Ufundi nilimlipa 8,000 kwa pointi, pointi 94, jumla 752,000, na ile 50,000 ya Jumamosi. Yule wa kwanza alinitajia 5,000 kwa pointi. Kama unaangalia bei ya pointi tu utamchagua wa kwanza, nami nakuelewa kwa sababu hela ya ujenzi inauma. Ila muulize yeyote unayetaka kumpa kazi maswali mawili: ana leseni, na ana mega yake mwenyewe au ataazima? Kisha mpeleke chumbani umwone kama atauliza kitanda kinakaa wapi.

Mimi namrudia. Jumamosi hii anakuja kuvuta waya wa geti na pampu. Mtaro tumeshachimba wenyewe, futi mbili kwenda chini, na safari hii nimetangulia kuzunguka uzio na chaki kabla hajafika.