Saa ya Kwanza ya Tamthilia Tano Mpya za Marekani

Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Marekani huwa na wateja wawili. Kabla mtazamaji hajaiona, kwa kawaida imekwisha kupita mbele ya wakubwa wa kituo cha televisheni, ambao ndio huamua iwapo tamthilia yote itagharimiwa au itawekwa kabatini. Ukisikiliza kwa makini utawasikia wahusika wakisema mambo ambayo hayakukusudiwa wewe bali wakubwa hao: kwamba shujaa ni mtu wa ajabu, kwamba hafuati kanuni, kwamba amebeba jeraha la zamani litakalotosha kuendesha msimu mzima. Mimi huitazama saa hiyo ya kwanza kwa kipimo kimoja tu. Nataka kumwona mhusika mkuu akiifanya kazi yake mbele yangu, niione akili yake inavyofanya kazi, badala ya kuhadithiwa na wenzake kuwa anayo.

Tamthilia tano ninazozizungumzia hapa zilianza kuonyeshwa kati ya Septemba 2024 na Januari 2025. Mbili kati yake, High Potential na Matlock, zilikuwa zimeidhinishwa tangu 2023, zikacheleweshwa na mgomo wa waandishi na ule wa waigizaji uliosimamisha kazi Hollywood mwaka huo. Hukumu yangu inaishia kwenye sehemu ya kwanza. Yaliyofuata wiki za baadaye siyaingizi. Yeyote ambaye hajaitazama Matlock na anapenda kushtukizwa aziruke aya zinazoihusu, kwa sababu haiwezekani kuijadili bila kufichua mwisho wake.

High Potential, iliyoanza kwenye kituo cha ABC tarehe 17 Septemba 2024, inakipita kipimo changu mapema kuliko zote. Morgan Gillory, anayeigizwa na Kaitlin Olson, ni mfanyakazi wa usafi katika kituo cha polisi cha Los Angeles. Usiku mmoja, akiwa amevaa vipokea sauti masikioni na akicheza peke yake katikati ya kazi, anaangusha faili la kesi ya mauaji. Katika kuziokota karatasi anaziona picha, anautazama ubao wa wapelelezi, kisha kabla ya kuondoka anafuta neno “mshukiwa” lililoandikwa kwa ajili ya mwanamke anayetafutwa na mahali pake anaandika “mwathiriwa”. Hakuna aliyetuambia lolote kumhusu, lakini tayari tunajua kwamba ana jicho kali, kwamba hawezi kuvumilia kosa likabaki ukutani, na kwamba haogopi vya kutosha kwa faida yake mwenyewe.

Baada ya hapo tamthilia inarudi katika njia iliyozoeleka. Yupo mpelelezi mnyoofu, Karadec, ambaye kazi yake ni kukunja uso kila Morgan anapofungua mdomo. Yupo mkuu wao, Selena Soto, anayekiona kipaji hicho na kuamua kukitumia. Na tunaelezwa, ingawa hatukuwa na haja ya kuelezwa, kwamba kiwango cha akili cha mama huyu ni 160. Msuko umetoka Ufaransa, katika tamthilia iitwayo HPI iliyoanza 2021 kwenye kituo cha TF1, na Drew Goddard aliyeuandika upya kwa Wamarekani hakuona sababu ya kuubadilisha mno. Olson ndiye anayeubeba. Ametokea katika vichekesho, na hapa anautumia ufundi huo vizuri: anazungumza kama mtu ambaye mawazo yake yanamtangulia, na anapoaibika haombi huruma ya mtazamaji. Fumbo la msimu, yaani Roman, baba wa binti yake mkubwa, aliyetoweka miaka 15 iliyopita, limepachikwa mwishoni kama sharti analowapa polisi ili awafanyie kazi. Kama fumbo halikunisisimua, lakini kama masharti ya ajira nililipenda, kwa sababu linamwonyesha Morgan akijadiliana bei ya akili yake kwa mara ya kwanza.

Matlock ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi. CBS waliionyesha tarehe 22 Septemba 2024, na wenye kumbukumbu watalitambua jina: kuanzia 1986 hadi 1995 Andy Griffith aliigiza wakili mzee wa jina hilo, na kwa dakika 40 hivi za mwanzo mtazamaji ana kila sababu ya kuamini kwamba anaangalia chakula kilekile kilichopashwa moto. Kathy Bates, mwenye Tuzo ya Oscar na umri wa miaka 76 wakati huo, anaingia katika kampuni kubwa ya mawakili jijini New York akijitambulisha kama Madeline Matlock. Anafanya mzaha kuhusu jina lake na kuomba kazi kwa namna ambayo hakuna kijana angethubutu: anaibuka katikati ya kikao akiwa na habari ya kiasi ambacho upande wa pili wako tayari kulipa ili kesi imalizwe nje ya mahakama. Ameipata kwa kukaa karibu na mawakili wao mkahawani. Hawakushusha sauti, kwa kuwa, kama anavyoeleza mwenyewe, mwanamke akishazeeka watu huacha kumwona.

Hoja hiyo ndiyo injini ya saa nzima, na Jennie Snyder Urman, mtunzi wake, anaitumia kwa nidhamu. Kila kizuizi ambacho bibi huyu anakivuka, anakivuka kwa kuonekana hana madhara. Nilipokuwa nikitazama nilijiuliza kama hila hiyo ingefanya kazi katika ofisi za kwetu, ambako mama wa umri ule angepokewa kwa shikamoo na kiti kabla hajaulizwa shida yake. Nadhani ingefanya kazi vizuri zaidi, maana heshima nayo ina namna yake ya kumfanya mtu asichunguzwe. Bosi wake, Olympia, anayeigizwa na Skye P. Marshall, ndiye pekee anayemtilia shaka, na uhasama wao una uzito kwa sababu Olympia ana haki: yeye ni mwanamke aliyefika pale kwa jasho, na sasa analetewa mgeni ambaye hakumwomba.

Kisha unakuja mwisho. Bibi anatoka kazini, anapanda gari la kifahari linaloendeshwa na dereva, na kufika kwenye nyumba ya kitajiri anakosubiriwa na mumewe na mjukuu wake. Jina lake halisi ni Madeline Kingston. Binti yake alikufa kwa uraibu wa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, na ameingia katika kampuni ile akiamini kwamba mmoja wa mawakili wake alificha nyaraka ambazo zingeweza kuziondoa dawa hizo sokoni miaka 10 mapema. Taharuki za namna hii ni rahisi kuandika na ngumu kulipia. Hii imelipiwa kikamilifu, kwa kuwa sisi watazamaji nasi tulikuwa hatujamwona. Tulimchukulia kama bibi mcheshi wa tamthilia ya kawaida, tukafanya kosa lilelile la mawakili wa mkahawani, na kila tabasamu lake la nusu saa iliyopita linageuka kuwa kazi aliyokuwa akiifanya. Bates anaibadilisha sauti na mkao wa mabega bila kuonyesha mshono. Udhaifu ninaouona uko kwenye kesi yenyewe ya siku hiyo, ya mtu aliyefungwa bila hatia, ambayo imesukwa kwa haraka mno kwa jambo zito kiasi kile. Mtu anapoteza sehemu ya maisha yake gerezani, na maumivu yake yanatumika kama ngazi ya kumpandisha Madeline machoni pa Olympia.

Siku moja baadaye, tarehe 23 Septemba, NBC walileta Brilliant Minds, na hapa ndipo wateja wawili niliowataja walipogongana. Zachary Quinto anaigiza Oliver Wolf, daktari wa mfumo wa neva aliyebuniwa kutokana na Oliver Sacks, tabibu na mwandishi aliyefariki 2015. Daktari huyu, kama Sacks mwenyewe, ana tatizo la kutoweza kutambua nyuso za watu. Wazo hilo lingetosha kujaza misimu mitatu: mtu asiyeweza kumtambua mgonjwa wake kwa sura analazimika kumjua kwa njia nyingine zote. Lakini watunzi hawakuliamini. Wanamfungua kwa tukio la kishujaa, akimtorosha mzee mwenye maradhi ya kusahau na kumpeleka kwa pikipiki kwenye harusi ya mjukuu wake, ambako mzee anacheza piano na wote wanatokwa na machozi. Na kuanzia hapo kila anayekutana na Wolf ama anamwambia kwamba ni hodari ama anamkaripia kwa kuwa hodari kupita kanuni. Quinto ni mwigizaji mtulivu, na nilimwonea huruma kila alipopewa hotuba. Vijana wanaojifunza chini yake bado ni majina tu, na muziki unaanza kulia kabla mtazamaji hajapewa nafasi ya kuhisi chochote.

Kuhusu Doctor Odyssey, ya ABC, iliyoanza tarehe 26 Septemba, sina mengi. Ni hospitali ndani ya meli ya kitalii, Joshua Jackson ndiye daktari, Don Johnson ndiye nahodha, na Ryan Murphy ni miongoni mwa watunzi. Abiria anakula kamba wengi hadi anadhurika kwa madini joto (iodini). Bahari ni ya samawati, watu wote ni wazuri, na tamthilia yenyewe inajua kwamba ni upuuzi. Ukitaka kupumzisha kichwa baada ya kazi, haitakudhulumu.

The Pitt ilikuja mwisho, tarehe 9 Januari 2025, katika huduma ya kulipia iliyoitwa Max wakati huo, na imefanya jambo ambalo vituo vya kawaida havithubutu. Msimu una sehemu 15, kila sehemu ni saa moja ya zamu moja katika idara ya dharura ya hospitali ya Pittsburgh, na ya kwanza inaanza saa moja asubuhi. Noah Wyle, anayeigiza Daktari Robby, anaingia kazini kwa miguu na kuanza kupokea wagonjwa. Hakuna anayetuambia kwamba Daktari Robby ni bora. Tunamwona akigawa muda, akimwamini huyu, akimzuia yule, akizungumza na familia kwa sauti moja na kwa msimamizi wa hospitali anayemdai alama za kuridhika kwa wagonjwa kwa sauti nyingine kabisa. Hata jeraha lake la zamani, kifo cha mwalimu wake wakati wa Uviko miaka minne kamili kabla ya siku hiyo, linapita haraka, kama linavyompita mtu mwenye kazi nyingi.

Watazamaji wa siku nyingi watamkumbuka Wyle kama Daktari Carter wa ER, tamthilia ya zamani ya hospitali, yule ambaye msimu wa tisa, mwaka 2003, ulimpeleka hadi Kisangani. Waandaaji wa The Pitt, R. Scott Gemmill na John Wells, wametoka kwenye tamthilia hiyohiyo, na uzoefu huo unaonekana zaidi katika vitu vidogo: mikono inayojua vifaa viko wapi, maneno ya kitabibu yasiyofafanuliwa, korido iliyojaa vitanda vya watu wanaosubiri kupandishwa wodini. Tukio lililonikaa zaidi ni la mwanamke aliyeanguka kwenye njia ya treni, akaletwa na mguu uliochunwa vibaya, huku hakuna katika chumba kile anayeijua lugha anayolia nayo. Mwanafunzi mmoja anazirai. Wengine wanaendelea, kwa sababu mguu hausubiri mkalimani, lakini swali la lugha yake halisahauliwi, na kuulizwa kwake tena na tena kulinieleza tabia ya idara ile kuliko hotuba yoyote.

Lawama yangu ni kwamba wahusika ni wengi kupita uwezo wa saa moja. Wanafunzi na madaktari wapya wanne wanaingia kwa pamoja, na nilipomaliza nilikuwa na hakika ya majina ya wawili tu. Huenda hiyo ndiyo sababu Max walitoa sehemu mbili kwa siku moja, na ningemshauri yeyote anayeianza azitazame zote mbili kwa kikao kimoja, maana muuguzi mkuu Dana, anayeigizwa na Katherine LaNasa, ambaye katika saa ya kwanza anapita akitoa amri tu, anahitaji saa ya pili ili aonekane kuwa ndiye anayeiendesha idara.